Mgando wa mapera umekataa kushika

Muulizaji: Nimepika goiabada, ule mgando wa mapera ambao Wabrazili huula na jibini, kwa kilo 1 ya rojo na gramu 600 za sukari, lakini hata baada ya kupoa umebaki laini kama jemu. Nimekosea wapi?

Jibu: Nadhani uliepua mapema. Urudishe kwenye moto mdogo, ukoroge mpaka mwiko ukipita kitako cha sufuria kionekane kwa muda kabla rojo halijakifunika tena; na ufunike mkono kwa kitambaa, kwani rojo hilo huruka na kuunguza vibaya.

Jibu: Mapera yaliyoiva mno hupungukiwa na pektini, yaani kitu kilichomo kwenye tunda kinachofanya mgando ushike, kwa hiyo safari ijayo changanya machache ambayo hayajaiva sana, pamoja na maji ya ndimu.

Muulizaji: Ahsanteni. Baada ya dakika 40 zaidi, sasa unakatika kwa kisu.