Filamu za mazombi za Ulaya: mbona ubovu wake unanoga?

Swali
Wakuu, filamu za mazombi za Italia, Hispania na Ufaransa za miaka ya 1970 na 80: midomo haiendani na maneno, maiti wanachuja rangi, ila kuacha kutazama huwezi. Ni uzembe tu? Nianze na ipi, na kwa lugha gani?

Jibu 1
Midomo kwanza. Italia enzi hizo sauti haikurekodiwa wakati wa kupiga picha. Kila mwigizaji alisema lugha yake, kisha sauti zote zikaingizwa studio. Kwa hiyo hata Kiitaliano si sauti "halisi". Anza na Zombi 2 ya Lucio Fulci (1979), kwa Kiingereza, maana waigizaji wakuu kina Ian McCulloch walitamka Kiingereza. Usitafute sehemu ya kwanza: filamu ya mwongozaji Mmarekani George Romero iliuzwa Italia kwa jina Zombi, waandaaji wa Zombi 2 wakadandia jina hilo. Na papa, yule samaki mkubwa wa baharini, anayepigana na zombi mle ni wa kweli!

Jibu 2
Kuhusu rangi, tazama Le Lac des morts vivants (1981) ya Jean Rollin. Wanajeshi wa Kijerumani wanaibuka ziwani wamepakwa kijani usoni, huku masikio na shingo vimesahaulika. Wakimkumbatia mtu, kijani kinahamia kwake. Chini ya maji ndiyo kabisa, "ziwa" ni bwawa la kuogelea. Sasa linganisha na kazi ya mpambaji Giannetto De Rossi kwenye Zombi 2: udongo wa mfinyanzi, tabaka juu ya tabaka. Ukikauka unapasuka wenyewe kama ngozi iliyooza. Nao ni rahisi vilevile, ila unahimili kamera ikisogea karibu.

Jibu 3
Msicheke zote. La noche del terror ciego (1972) ya Amando de Ossorio inatisha: wapiganaji wafu vipofu juu ya farasi, mwendo umepunguzwa kasi, wanamwinda mtu kwa kusikia. Ya kucheka ni Virus ya Bruno Mattei (1980). Kisa kiko Papua New Guinea, wamepigia Hispania, wakabandika vipande vya filamu nyingine. Utavijua rangi na chengachenga zikibadilika ghafla. Hadi muziki wa bendi ya Goblin ulishatumika kwenye ile filamu ya Romero.

Jibu 4
Mkuu, kagua toleo kabla hujatulia. Kwenye Zombi 2 kibanzi cha mlango kikikaribia jicho halafu picha ikaruka, umeuziwa iliyokatwa.