Kapsuli za shingo zinapanda upande mmoja na kufanya makunyanzi, nimeongeza moto lakini wapi

opereta_usiku
Wakuu habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaojua laini za kufungasha maana nimekwama. Niko kwenye laini ya chupa za glasi za mililita 750, chupa ikishajazwa na kupigwa kizibo inavalishwa ile kapsuli ya plastiki ya shingoni inayosinyaa kwa joto, halafu inaingia kwenye taneli ya hewa moto inatoka imebana. Ndivyo inavyotakiwa. Sasa tangu wiki iliyopita kila chupa 10 unakuta 2 au 3 kapsuli imepanda upande mmoja, ukingo wa chini umejaa makunyanzi, na nyingine zina viputo ndani, ukibonyeza kwa kidole unaisikia kabisa hewa inahama.

Nikaongeza moto. Nilikuwa nyuzi 160 nikaenda 180 nikafika 200, makunyanzi yakapungua kidogo lakini sasa rangi ya dhahabu inafifia na ule mstari wa vitundu wa kuchania unaachia wenyewe kabla chupa haijafika hata kwenye katoni. Spidi ya konveya, ule mkanda unaobeba chupa, sijagusa. Kapsuli ni PVC zilezile, saizi ileile. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi tunajaza kinywaji kikiwa baridi zaidi kuliko zamani, sijui kama inahusu. Msimamizi anasema niongeze moto tena, mimi roho inasita.

FundiTaneli
Mkuu usiongeze. Jibu umelitaja mwenyewe pale mwishoni ukalipita, chupa zako zinatoka jasho. Kinywaji baridi ndani, hewa ya chumba ina unyevu nje, shingo inalowa hata kama kwa macho huoni matone. Unavalisha kapsuli juu ya maji, inaingia kwenye moto, yale maji yanageuka mvuke ambao hauna pa kutokea, ndio unaoisukuma kapsuli ipande, na penyewe unapobaki ndio viputo vyako hivyo.

Halafu kuna la pili, glasi baridi inanyonya joto. Hii plastiki kiwandani ilipashwa moto ikavutwa halafu ikapozwa ikiwa bado imevutwa, kwa hiyo ule mvuto umebaki umefungiwa ndani yake. Ikifika nyuzi 70 au 80 hivi inalainika na kutaka kurudi ilivyokuwa, ndio kusinyaa kwenyewe. Sasa sehemu iliyogusa glasi baridi inapoa pale pale na kuganda kabla haijamaliza, wakati sehemu isiyogusa inaendelea kuvuta, unapata upande mmoja mfupi na mwingine mrefu. Wewe unaona makunyanzi unafikiri moto mdogo, kumbe moto upo ila hauko sawa pande zote.

Fanya jaribio la bei ya bure. Chukua chupa 10 zikalishe mpaka zifike joto la chumba, futa shingo kwa kitambaa kikavu, valisha kapsuli kwa mkono, pitisha kwenye taneli kwa seti ileile ya zamani ya 160. Zikitoka safi basi taneli haina kosa.

kizibo_na_kofia
Naunga mkono la jasho ila na mwelekeo wa moto ukaguliwe pia. Fungua taneli ikiwa imezimwa na kupoa uangalie midomo inayotoa hewa, ipo pande zote mbili au mmoja umeziba? Sisi ilitusumbua muda mrefu mpaka tukakuta mdomo wa kushoto umeinama chini, unapiga ukingo wa kapsuli kwanza. Ukingo ukibana kwanza umeshafunga mlango, hewa iliyo juu yake itatokea wapi? Inatakiwa sehemu ya juu ishike kwanza halafu kubana kushuke kwenda chini, hewa inasukumwa itokee kwenye ukingo. Na vile vitundu viwili vidogo pale juu kwenye kisahani cha kapsuli si urembo, ni vya kutolea hewa, angalia kama kwenye kapsuli zako vimetoboka kweli maana nimewahi kufungua boksi zima havijatoboka.

Chupa zinazunguka zikiwa ndani? Kama hazizunguki, na zimebanana zimegusana, basi kila moja inaikinga mwenzake na hewa moto. Ziachie nafasi.

mvuke_tu
Mimi nashauri waachane na hewa wahamie taneli ya mvuke, mvuke unazunguka shingo yote sawasawa, na unafanya kazi chini ya nyuzi 100 kwa hiyo rangi haiungui. Tumehama na makunyanzi yameisha.

bi_ubora
@mvuke_tu kwenu inawezekana mnavalisha zile za kufunika chupa nzima, kwa hizo mvuke ni mzuri sana sikatai. Ila kaka yetu hapa ana kapsuli iliyofungwa juu na tatizo lake ni maji, ukimpelekea mvuke unamwongezea maji. Na kama chupa zimeshabandikwa lebo za karatasi ndio zitavimba na kubanduka. Mimi ningebaki na hewa.

@opereta_usiku mimi niko upande wa ubora, na kinachoniuma kwenye maelezo yako ni ule mstari wa kuchania unaoachia. Kapsuli haizuii kinywaji kuvuja, kazi hiyo ni ya kizibo. Kapsuli ni ushahidi, mteja akiikuta imechanika hawezi kujua kama ni moto wenu au kuna mtu alifungua akachezea kilichomo. Kwa hiyo chupa ya namna hiyo isitoke kabisa, irudishwe nyuma ikavalishwe upya. Makunyanzi nayakataa pia lakini yale ni sura tu, kuachia ni kuaminika kwa bidhaa yenyewe.

Na 200 unaisoma wapi? Kama ni kwenye kibao cha taneli hilo ni joto la hewa pale sensa ilipo, sio la kapsuli. Kapsuli inapita sekunde chache tu ndio maana hewa inabidi iwe na moto mkali kuliko ile 70 au 80 aliyosema fundi. Ukitaka kujua shingoni kuna nini bandika vile vibandiko vinavyobadilika rangi kwa joto. Usitumie kile kipima joto cha kuelekeza kama bunduki juu ya kapsuli ya dhahabu, uso unaong'aa unakidanganya, kinasoma chini kuliko ukweli.

MzeeHita
Vijana mmesema vizuri, naongeza mawili. La kwanza hiyo ni PVC, ikizidishiwa moto mpaka iungue inatoa gesi ya asidi ya hidrokloriki, inachoma macho na koo na vyuma vya mashine vinaliwa na kutu. Kama pale taneli kuna harufu kali inayokuwasha pua, mwanangu shusha moto sasa hivi, feni ya kutolea hewa ifanye kazi, na msimamizi aje anuse mwenyewe.

La pili boksi za kapsuli mnaziweka wapi? Zikikaa karibu na boila au chini ya paa la bati lenye jua zinaanza kusinyaa zikiwa boksini, kidogokidogo. Utaona zinashikana zikiwa zimepachikwa hivyo, haziachani vizuri, mdomo umekuwa yai badala ya duara. Ya hivyo hata uipe moto gani itakaa vibaya maana nguvu yake imeshatumika nusu. Pima mdomo wa kapsuli na shingo ya chupa, mimi huwa nataka kapsuli izidi shingo kwa milimita 1 hadi 3, ikizidi sana inakuwa na plastiki nyingi ya kukusanya na lazima ikunjamane.

opereta_usiku
Wakuu nimerudi, asanteni sana. Nimefanya lile jaribio la chupa 10, kwa 160 zote 10 zimetoka safi, nimezizungusha mkononi sioni kunyanzi hata moja. Nikachukua 10 nyingine moja kwa moja kutoka kwenye kujaza bila kufuta, 4 zimepanda. Msimamizi alikuwa amesimama pembeni anaangalia, hakusema kitu akaenda mwenyewe kushusha moto.

Midomo ya taneli iko sawa, vitundu vipo, kapsuli ziko stoo yenye kivuli ila kuna boksi 2 zilikuwa juu kabisa karibu na bati nimezitenga. Harufu ilikuwepo @MzeeHita, nilikuwa nimeshaizoea, nashukuru umesema. Chupa zilizoachia mstari tumezirudisha zote.

Sasa swali, kukausha shingo tunafanyaje kwa laini inayotembea? Hatuwezi kufuta kwa kitambaa chupa moja moja.

FundiTaneli
Safi sana. Weka vipulizio vya hewa pande mbili za konveya, baada ya kizibo na kabla ya kuvalisha kapsuli, vielekee shingoni kwa mshazari kushuka chini ili maji yasipande kwenye kizibo. Hewa ya kompresa ipite kwanza kwenye chujio la maji na mafuta, la sivyo unapuliza unyevu juu ya unyevu. Na umbali kati ya kupuliza na kuvalisha uwe mfupi, kwa sababu chupa bado ni baridi na baada ya muda italowa tena. Kama mnaweza kuzipitisha chupa kwenye maji ya uvuguvugu kwanza zipande joto halafu ndio mpulize, ni bora zaidi, zitakauka na hazitarudia jasho.

opereta_usiku
Nimekuelewa. Kompresa ipo, chujio halipo, kesho naanzia hapo kwenye chujio.

bi_ubora
Ukishafunga pima tena chupa 10 kila saa kwa shifti nzima uandike. Asubuhi unyevu wa hewa hauwi sawa na mchana, na taneli ikiwashwa inahitaji kama nusu saa kutulia kabla hujaiamini.