"KWANI SEBULE YAKO NI KUBWA KIASI GANI DADA?" Huyu wa mazulia kanimaliza leo

Wadau wa Arusha nimetoka stendi sasa hivi mikono inatetemeka. Wote mnamjua ninayemsema, yule wa "mzigo mpya umeingia wahi", yule bei haandiki, ukiuliza anakwambia njoo inbox utadhani bei ya zulia ni siri ya jeshi. Nimemwagiza zulia la manyoya la kijivu, futi 5 kwa 8, elfu themanini na tano, nikalipa yote maana "mikoani hatutumi bila hela". Basi limeingia, nimelipia mzigo elfu tano, nikakodi bajaji mpaka Sakina nikijua zulia halibebeki kwenye boda. BAJAJI jamani, kumbe lile furushi lilikuwa linaenea kwenye pochi!

Nakunjua watoto wanashangilia, nakunjua, mara limeisha. Futi 2 kwa 3. Paka akijinyoosha mkia unabaki kwenye sakafu. Baba watoto ananiuliza hilo la mlangoni zuri, la sebuleni liko wapi?

Nikaweka futi kamba juu yake nikapiga picha nikamtumia, mnajua kanijibu nini? "Kwani sebule yako ni kubwa kiasi gani dada?" Mimi! Nimelipa hela yangu naulizwa ukubwa wa sebule! Halafu kanibloki.

Sasa nimshtaki nani? Kwenye peji kuna jina la duka tu, lipa namba ilileta jina la mwanaume, kwenye furushi mtumaji ni mwanamke mwingine kabisa. Anuani "Kariakoo", basi, Kariakoo yote ile. Komenti za wanaolia anafuta, zimebaki za "nimepokea mzigo wangu ubarikiwe". Eti sebule yako ni kubwa kiasi gani. Leo silali.

Mangi_wa_Kibosho: Dada pole, ila swali lake hujalijibu. Ni kubwa kiasi gani? 😂😂

chalii_wa_Unga_Ltd: Oya hilo si zulia, hicho ni kitambaa cha redio

Mama_Njiro: Pole mdogo wangu. Huyo huyo mwaka jana alinitumia mapazia ya dirisha la choo, nikamuuliza akasema "yanavutika mama". Nimeyavuta mpaka leo.

Mleta uzi: Mama afadhali wewe hukuulizwa sebule!!

Memorial_mtumba: Watu wa Arusha mnapenda vya Dar. Ungeshuka hapa soko la Memorial Moshi ungelishika kwanza, ungelikanyaga hata kwa viatu, ndo unatoa hela.

mdau_kimya: Tuache utani kidogo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ipo tangu 2015, anayeuza mtandaoni anatakiwa aweke jina kamili, anuani na sifa za bidhaa. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi, Tume ya Ushindani (FCC) ndo wanaosimamia. Tunza meseji, muamala na risiti ya basi, peleka. Wenzetu Marekani tangu Juni 2023 soko la mtandaoni lenyewe ndo linabanwa, mtu akishafikisha mauzo 200 ya vitu vipya na dola 5,000 ndani ya mwaka lazima lihakiki akaunti yake ya benki na namba ya kodi, akifika dola 20,000 kwa mwaka mnunuzi anatakiwa aonyeshwe jina lake na anuani.

chalii_wa_Unga_Ltd: Sisi sheria tunayo toka 2015 na muuzaji bado anaitwa Admin

Mleta uzi: Asante kaka, risiti ninayo. Na skrinshoti ya sebule ninayo, naipeleka na yenyewe.

Mangi_wa_Kibosho: Elfu tano ya basi nayo ni wizi. Mzigo wa kilo moja! Mimi juzi parachichi za bibi zimelipiwa kuliko nauli yangu.

Mama_Njiro: Mangi usinikumbushe, mabasi ndo majambazi wenyewe. Mzigo umefika saa kumi na mbili asubuhi wanakupigia saa nane mchana, halafu wanadai hela ya kutunza.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye zulia

kijana_Majengo: Mimi niliagiza raba namba 42, vikaja vyote vya kushoto. Jamaa anasema ndo fasheni.

Memorial_mtumba: 😂😂😂 kushoto vyote?

dereva_Usa_River: Subiri kwanza. Nyeusi, mstari mweupe pembeni?

kijana_Majengo: Ndio hizo hizo

dereva_Usa_River: Mimi vyangu vyote vya kulia. 42.

kijana_Majengo: Njoo inbox