Naomba ushauri: picha za fraktali zinatoka na ukungu nikizichapisha A2, nakosea wapi?

MwalimuNamba

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, kidato cha tano na sita, niko Morogoro. Kila mwaka nikifika kwenye namba changamano naona darasa linapoa. Wanafunzi wanakokotoa na majibu wanapata, ila hawaoni namba hizo zina sura gani. Mwezi uliopita nikapakua XaoS, programu ya bure ya kuchora fraktali, yaani maumbo ya hesabu ambayo kila ukiyakuza unakuta nakshi nyingine ndani yake, nikafungua umbo liitwalo seti ya Mandelbrot kwenye projekta. Ukibofya kushoto unazama ndani ya picha, ukibofya kulia unarudi nje, na yote yanatokea hapo hapo bila kusubiri. Mwanafunzi mmoja akaomba tuingie kwenye ule mpasuko ulio kati ya moyo mkubwa na duara lililobandikwa kushoto kwake. Tukakuta mikia iliyojikunja, mmoja nyuma ya mwingine, kama farasi-bahari waliopanga foleni. Kengele ikalia na hakuna aliyenyanyuka.

Nikaamua nipate picha mbili kubwa za kutundika ukutani, ya umbo zima na ya ule mpasuko, maana projekta yenyewe ni ya kuazima. Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia kijana wa steshenari kwa WhatsApp, akanichapia A2 mbili. Zimekuja na ukungu, kingo zina ngazi ngazi, na bluu iliyokuwa inawaka imegeuka zambarau iliyochoka. Nimeumia, kwa sababu hela ni ya mfukoni mwangu na wanafunzi walikuwa wanazisubiri.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, skrini 1366 kwa 768. Nibadilishe programu? Nitafute duka lingine? Au picha hizi si za karatasi?

WinoNaKaratasi

Pole mkuu. Nafanya kazi ya kuchapa Kariakoo, na kesi yako naiona kila wiki, ingawa kwa kawaida ni picha za harusi.

Usimlaumu printa kwanza. A2 ina upana wa inchi 23.4. Ukitandaza pikseli 1366 juu ya upana huo unapata nukta 58 kwa inchi. Picha ya kutazamwa kwa karibu inataka 300. Ya ukutani, mtu akiwa hatua mbili tatu mbali, 150 inatosha. Wewe ulikuwa chini sana ya hapo hata kabla faili halijafika dukani.

Halafu WhatsApp. Ukituma kama picha, inaibana na kuipunguza. Tuma kama dokumenti, au peleka flashi.

Nina swali: ile picha ya umbo zima, duara lake bado ni duara?

MwalimuNamba

Nimeenda kulipima kwa rula sasa hivi. Upana sentimita 7, kimo sentimita 8.8. Sikuwa nimeliona kabisa!

WinoNaKaratasi

Ndiyo nilichokuwa nahofia. Skrini yako ni ndefu kwa upana kuliko uwiano wa karatasi za A, kwa hiyo aliyechapa aliivuta picha hadi ijae karatasi. Kwa picha ya mandhari mtu hagundui. Kwa picha ya hesabu ni kosa kubwa.

Nyota_ya_Kusini

Mwalimu, zipo programu za akili bandia za kukuza picha. Unaweka ile ndogo, inakupa kubwa mara nne, safi kabisa. Nimekuzia picha za marehemu babu na zimetoka vizuri mno. Jaribu hiyo kabla ya kuhangaika na mengine.

Kokotoa

Nyota, kwa picha ya babu naafiki, kwa sababu babu hayupo tena wa kupigwa picha upya. Hapa sikubaliani nawe. Programu ya kukuza inabuni vitu vya kujazia. Itamchorea mwalimu mikia ambayo haipo kwenye seti ya Mandelbrot, na wanafunzi watakuwa wanatazama ubunifu wa mashine wakidhani ni hesabu.

Mwalimu, fraktali si picha kama ya kamera. Ulichokiona kwenye skrini ni jibu la swali: kwa kila nukta c (yaani namba changamano moja), anza na sifuri, zidisha namba kwa yenyewe, jumlisha c, rudia. Je, inakimbia au inabaki karibu? Swali hilo unaweza kuliuliza kwa nukta milioni moja au milioni mia. Kwa hiyo usiikuze picha, ichore upya kwa saizi ya karatasi.

Unachotakiwa kutunza ni mahali ulipokuwa, yaani kitovu, kiwango cha kukuza, idadi ya marudio na rangi. XaoS inahifadhi hayo kwenye faili dogo la maandishi, mbali na picha. Mimi ninayo mafaili kama hayo ya miaka mingi, yote pamoja hayafikii uzito wa picha moja ya simu, na kila moja naweza kulirudia kwa saizi yoyote. Ule mpasuko wenu uko karibu na -0.75 kwenye mhimili halisi na 0.1 kwenye mhimili wa kufikirika.

Kwa kuchora kubwa mimi natumia Kalles Fraktaler, nayo ni ya bure, na saizi ya picha unaiandika mwenyewe. A2 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 7016 kwa 4961. Ukiweza, chora mara mbili ya hapo, 14032 kwa 9922, kisha ipunguze kwa nusu. Kila nukta ya karatasi itakuwa wastani wa nukta nne, na zile ngazi ngazi zinalainika. Picha hiyo inakula kama MB 420 kabla ya kubanwa, GB 4 zako zitaibeba, ila funga kila kitu kingine na uiache usiku. Hifadhi kwa PNG. JPEG inaacha madoa kuzunguka nyuzi nyembamba, na fraktali ni nyuzi tupu.

MtwapaCoder

Naongezea kutoka pwani ya Kenya. Angalieni idadi ya marudio. Ukiiacha ndogo, nukta ambazo zingekimbia baadaye zinahesabiwa kuwa zimebaki, na unapata mabonge meusi mahali palipotakiwa kuwa na nakshi. Kwenye skrini ndogo huoni. Kwenye A2 ni kama mtu amemwaga wino. Pale kwenye mpasuko anza na 2000, kisha jaribu 5000. Ikiwa picha haijabadilika, rudi 2000.

Na mkizama sana, programu za kawaida zinahesabu kwa tarakimu 15 au 16 tu. Ukikuza kufikia mara trilioni kumi hivi, picha inavunjika vipande vya mraba. Hapo hata ukichora kubwa haisaidii, unahitaji programu ya kuzama kina kama hiyo ya Kokotoa.

MwalimuNamba

Nimeelewa, asanteni sana. Je, rangi? Bluu ile ndiyo iliyowashika wanafunzi.

WinoNaKaratasi

Bluu ile inayowaka usiing'ang'anie, dada mwalimu (kama nimekosea kukuita dada unisamehe). Skrini inatoa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Printa inachanganya wino wa saiani, majenta, njano na mweusi, na zipo bluu na kijani ambazo wino hauzifikii. Chagua bluu iliyotulia, ya kina kama ya bahari ya mbali, kisha weka krimu au rangi ya shaba kando yake. Utofauti wa mwanga na giza ndio utakaoonekana kutoka dawati la nyuma, si ukali wa rangi.

Usilipe A2 kabla ya jaribio. Kata kipande cha picha chenye ukubwa wa A4, bila kukipunguza, ukichape kwenye karatasi ile ile. Kiangalie nje juani, halafu ndani ya darasa. Na kama sehemu kubwa ni nyeusi, usitumie karatasi ya kawaida, inalowa wino na kujikunja. Omba karatasi ya picha isiyong'aa, maana inayong'aa itarudisha mwanga wa dirisha na nusu ya darasa haitaona kitu.

BiMkubwa_Unguja

Mwalimu, nami nimefundisha hesabu hadi nikastaafu, naomba niseme moja. Kabla hujatundika hiyo picha, wape wanafunzi karatasi ya grafu. Kila mmoja achukue nukta zake chache aamue kwa mkono. Ukichukua c ni -1, unapata 0, -1, 0, -1, haiendi popote: tia nyota. Ukichukua 1, unapata 0, 1, 2, 5, 26, hiyo imekwenda: acha wazi. Ikishavuka umbali wa 2 kutoka sifuri hairudi tena, waache kuhesabu. Mwaka 1978 wanahisabati Robert Brooks na Peter Matelski walilichora umbo hili kwa kompyuta kwa alama za nyota tu, kabla ya picha za Benoit Mandelbrot mwenyewe za mwaka 1980 kule kampuni ya kompyuta ya IBM. Wanafunzi wako watakuwa wamepita njia ile ile. Na lile duara, mwanangu, ni duara kamili, kitovu chake -1 na nusu kipenyo robo. Waache waligundue.

MwalimuNamba

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili.

Tulianza na grafu kama Bi Mkubwa alivyoelekeza. Wanafunzi 38, kila mmoja nukta 10, tukabandika nyota ubaoni. Moyo ulitokea, mbovu mbovu lakini moyo. Picha kubwa niliiacha ikichorwa usiku, asubuhi ilikuwa tayari. Kipande cha majaribio kilionyesha kwamba kijani yangu inakuwa tope, nikaiondoa. Nimechapa kwa bluu ya giza na shaba, nukta 300, karatasi isiyong'aa, nikasimama pale dukani kuhakikisha hawaivuti.

Jana wamelipima duara kwa rula. Upana sentimita 9.9, kimo sentimita 9.9. Picha ya mpasuko imetundikwa pembeni, na kuna wawili wanabaki kila siku baada ya vipindi wakihesabu mikono ya kila mkia uliojikunja kama konokono kwa kioo cha kukuzia. Wanasema idadi inabadilika kwa mpangilio jinsi unavyosogea kwenye mpasuko. Bi Mkubwa, Kokotoa, hili nisaidieni kulieleza kwa kiwango cha kidato cha sita, nitafungua uzi mwingine kesho na picha zao.