Mnatuuzia simu za mifumo inayochungulia kaburi, hasara tunabeba sisi

Wakuu, leo nina hasira na sitaficha.

Simu za batani zenye mfumo wa KaiOS ziliingia Tanzania kwa mbwembwe mwaka 2019, Smart Kitochi ya Vodacom ikiwemo. Kilichoziuza ni kimoja: WhatsApp ipo. Mama ntilie, bodaboda, mzee kule kijijini, wote walitoa hela yao kwa sababu hiyo. Juni 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka la programu la KaiOS, na kwa waliokuwa nayo tayari mwisho ukapangwa mapema 2025. Simu ni nzima, chaji inakaa, spika inalia, ila kile ulichonunulia hakipo. Nani karudishiwa hata mia?

Na mtu asiniambie teknolojia haisubiri mtu. Watengenezaji wanajua fika kwamba mfumo mdogo unaishi kwa hisani ya wenye apu. KaiOS yenyewe imezaliwa na Firefox OS, mfumo ambao wenyewe Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, waliutosa kwenye simu Desemba 2015. Walijua wanajenga juu ya nini, wakatuuzia hivyo hivyo.

Mchezo huu ni wa zamani. Februari 2011 Stephen Elop, bosi wa Nokia aliyetokea Microsoft, aliamua Symbian, mfumo wa simu za Nokia wa siku zote, basi, tunahamia Windows Phone ya Microsoft. Nokia N9 yenye mfumo mwingine, MeeGo, ikatoka mwaka huo huo ikiwa imeshahukumiwa kabla haijafika dukani. Kinachoniuma zaidi ni Lumia 900, simu ya Nokia yenye Windows Phone. Imeingia sokoni Marekani Aprili 2012, halafu Juni, JUNI ya mwaka huo huo, Microsoft wakatangaza kwamba toleo jipya, Windows Phone 8, halitaingia kwenye simu hizo. Ndiyo kwanza watu wanabandua nailoni ya kioo! Baadaye Microsoft wakainunua biashara ya simu ya Nokia, na mwaka 2015 wakaandika hasara ya dola bilioni 7.6 kwenye hesabu zao, maisha yakaendelea. Aliyenunua Lumia aliandika wapi hasara yake?

Android za bei ya chini nazo wala sizitetei. Nyingi zinakufa na toleo lile lile zilizotoka nalo kiwandani.

Ulaya wameliona. Tangu 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia soko lao zinatakiwa ziendelee kupata masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni. Sisi je? TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, walizima simu feki nchi nzima Juni 2016, kwa hiyo wakitaka jambo wanaliweza. Waweke sharti kila boksi lionyeshe tarehe ambayo masasisho yatakoma, kwa Kiswahili, kwa maandishi yanayosomeka. Na muuzaji anayetangaza simu kwa jina la apu fulani abanwe apu hiyo ikikatwa.

Kama kuna mwenye boksi la simu aliyonunua hapa nchini lenye tarehe hiyo, aweke picha tuione.