Naomba ushauri: kabureta ya Land Rover yafurika petroli
Assalam aleikum ndugu zangu, niko Malindi, nina Land Rover Siris 3 ya petroli, kabureta (kile kinachochanganya petroli na hewa) ni aina ya Zenith. Asubuhi yawaka vizuri tu ila ikishapata moto, nikifika daraja la Sabaki hivi naelekea Mambrui, yaanza kukohoa na moshi mweusi, nikizima haiwaki tena mpaka ipoe. Nikifungua boneti naona petroli yachuruzika pale kifuniko cha kabureta kinapokutana na bakuli, plagi nazo nyeusi tii na zimelowa.

Fundi kabadilisha nido na siti yake (vali inayofunga petroli bakuli likijaa), floti (boya la ndani ya bakuli linalosukuma nido) tumeizamisha kwenye maji ya moto haikutoa mapovu kwa hiyo haijatoboka, lakini wapi. Sasa yeye asema ninunue kabureta mpya, mie sitaki wallahi, hii ndiyo ya asili na gari ni la marehemu babangu.

Nasikia hizi Zenith kifuniko hupinda kikikazwa sana hata oringi (pete ya mpira) ya ndani haishiki, kuna aliyewahi kukisugua kwa msasa juu ya kioo ikakubali? Ama pampu yasukuma kupita kiasi? Halafu kile kikombe cha kioo cha pampu chajaa kutu ya tangi kila mara, labda ndiyo yazuia nido kufunga. Nianze wapi jamani?