Mrejesho: Mwezi wa Entebbe umekubali

Ndugu zangu, ni mimi niliyeuliza kwa nini kila nikipiga picha ya mwezi hapa Entebbe napata doa jeupe tu, kama taa ya bodaboda. Aliyenijibu kwamba mwezi unamulikwa na jua, niupige kama mchana, Mungu ambariki. Kumbe kamera ilikuwa inapima lile giza lote la angani na kuuchoma mwezi kwa mwanga kupita kiasi. Nikaachana na otomatiki: ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), sekunde 1/125 (muda wa kuingiza mwanga), lenzi ya milimita 300, tripodi, na kifyatuo cha kuchelewa sekunde 2 ili mkono usitikise.

Sikungoja mwezi kamili. Nilitoka ufukweni siku mbili baada ya robo ya kwanza, yaani mwezi unapoonekana nusu, na pale mwanga unapokutana na kiza, kreta ya Copernicus, lile shimo kubwa la mwezini, ikajichora yenyewe, ukingo mmoja unang'aa, ndani kivuli. Ila hapa ikweta, saa mbili usiku mwezi huo uko karibu utosini. Shingo bado inaniuma. Na wadudu wa ziwani wakavamia kioo cha kamera: picha kama tano zina mabawa.

Sasa nausubiri mwezi mwandamo, ule unaolala chali kama mtumbwi.